Jeki yenye nguvu haitoshi kuishikilia pikipiki

Wengi wanaotengeneza pikipiki nyumbani huamini kwamba jeki iliyoandikwa kilo 500 haiwezi kuiangusha pikipiki ya cc 150, ambayo kwa kawaida haifiki hata kilo 150. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hujibu swali lisilo lenyewe, kwa sababu namba ile hueleza uzito ambao jeki inaweza kuuinua, wala haielezi kama mzigo utatulia huko juu.

Jeki ya haidroliki huinua kwa shinikizo la mafuta, na sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, ikichakaa mafuta hupenya na jukwaa hushuka, pengine polepole mno usitambue. Ndiyo maana jeki nzuri huwa na komeo la chuma: ukishainua, liingize, kisha ushushe kidogo hadi uzito ukalie chuma, si mafuta.

Hatari nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni pikipiki kupoteza usawa. Ukifungua gurudumu la nyuma, uzito huhamia mbele, na pikipiki isiyofungwa mikanda pande zote mbili inaweza kupinduka hata juu ya jeki imara.