Mama Yake Ulimwona? Mnyama wa Kituoni na Mnyama wa Dukani kwa Jicho la Daktari

Mteja mpya anapomweka mnyama wake juu ya meza yangu ya uchunguzi, jambo la kwanza ninalomuuliza ni alikomtoa, na la pili ni kama alipata kumwona mama yake. Wengi hushangaa, kwa kuwa wamekuja kwa ajili ya chanjo au kikohozi, na hawaoni ni vipi mama aliyeko mbali anahusika na kikohozi hicho. Hata hivyo, kazi hii ya udaktari wa wanyama imenifundisha kwamba majibu ya maswali hayo mawili hunieleza nusu ya yale nitakayoyakuta nikianza kupima. Ndiyo maana nataka kulijibu kwa kirefu swali ninaloulizwa karibu kila wiki: je, ni heri kumchukua mnyama katika kituo cha kuhifadhi wanyama waliotelekezwa, au kumnunua dukani?

Kwa kawaida mjadala huu huendeshwa kwa hoja ya huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini kipimo ninachokitumia mimi ni kingine: ni nani aliyemwona mnyama huyu akiishi, kwa muda gani, na je, yuko tayari kukueleza yote aliyoyaona?

Mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto wa mbwa wa wiki tisa hivi, jike wa rangi ya kahawia, aliyemnunua dukani siku ya Ijumaa. Jumapili usiku mtoto yule alianza kutapika, na Jumatatu asubuhi alipofika kwangu alikuwa amelegea mikononi mwa binti wa yule mama kama kitambaa kilicholowa. Fizi zilikuwa zimepauka, na ngozi ya shingo nilipoifinya ilibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake, dalili ya mwili uliokaukiwa maji. Harufu ya kinyesi chenye damu ilinitosha, lakini nilifanya kipimo cha haraka na jibu likawa lile nililolihofia: parvo. Mama yule akatoa mkobani kadi yenye mihuri ya chanjo, akaniuliza, "Sasa, daktari, hii kadi ni ya nini?"

Swali lake lilistahili jibu kamili. Virusi vya parvo, ambavyo vimekuwa vikiua watoto wa mbwa duniani kote tangu mwaka 1978, kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7 tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana. Kutoka Ijumaa hadi Jumapili ni siku 2 tu, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto yule alitoka dukani akiwa ameshaambukizwa. Kuhusu chanjo, mtoto wa mbwa anayenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, hupokea kingamwili za mama zinazomlinda kwa muda. Kingamwili hizohizo huizuia chanjo isifanye kazi, na huisha mwilini polepole, kwa baadhi ya watoto katika wiki ya 6 au ya 8, kwa wengine karibu na wiki ya 16. Hapo katikati kuna siku ambazo kinga ya mama imeshapungua kiasi cha kutoweza kumlinda mtoto, lakini bado inatosha kuishinda chanjo. Ndiyo sababu tunarudia chanjo kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Kwa hiyo mihuri ile ingeweza kuwa ya kweli kabisa na bado mtoto akaugua, hasa akichanganywa katika kizimba kimoja na watoto waliozaliwa na mama tofauti, kila mmoja akiwa katika siku zake hizo za hatari, kwenye sakafu ambayo virusi hivi vinaweza kudumu kwa miezi.

Sisemi kwamba kila mwenye duka ni mtu mbaya. Wapo wanaofagia asubuhi na jioni na kuwapenda wanyama wao kwa dhati. Tatizo limo katika njia yenyewe inayomfikisha mnyama kwenye kioo cha duka. Mzalishaji makini, anayewapima wazazi nyonga na moyo kabla ya kuwapandisha, hutaka kujua kila mtoto anakwenda kwa nani, na mara nyingi humhoji mnunuzi zaidi kuliko mnunuzi anavyomhoji yeye. Mtu wa namna hiyo ni nadra sana kuwakabidhi watoto wake kwa dalali. Wanaobaki kulijaza duka, kwa sehemu kubwa, ni wale wanaozalisha kwa wingi. Majike wao huzaa mfululizo ndani ya vizimba, na watoto hutenganishwa na mama mapema, wakapakiwa pamoja na watoto wa majike wengine na kusafirishwa mbali. Mwenye duka anapokwambia kwamba hajui mama wa mtoto huyu yuko wapi, huenda anasema kweli tupu, na kutojua huko ndiko kunakonitia hofu. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa gunia ni kioo kisafi chenye taa nzuri, na mnunuzi hudhani ameona kila kitu.

Baadhi ya nchi zimeliona hili na kuchukua hatua. Katika jimbo la California, Marekani, tangu Januari 2019 maduka hayaruhusiwi kuuza mbwa, paka wala sungura waliotoka kwa wazalishaji. Uingereza ilifuata tarehe 6 Aprili 2020 kwa sheria inayojulikana kwa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, akiwa na nyonga zilizoharibika kwa sababu ya kufungiwa kizimbani. Sheria hiyo inamkataza muuzaji wa biashara kuuza mtoto wa mbwa au wa paka mwenye umri chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe, na inamtaka mzalishaji amwonyeshe mtoto akiwa pamoja na mama yake. Ufaransa nayo imepiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani tangu Januari 2024. Niliposoma masharti ya ile sheria ya Lucy kwa mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu swali langu la mezani lilikuwa limeandikwa ndani ya sheria.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanunuzi ni kwamba wanataka mnyama mchanga ili wamlee wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi, huniambia. Methali ni ya kweli, ila hawaulizi ni nani aliyeanza kumkunja samaki huyo kabla yao. Kwa mbwa, kipindi ambacho ubongo hupokea vitu vipya bila woga mwingi huanza takriban wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Kwa paka kipindi hicho ni kifupi zaidi, takriban wiki ya 2 hadi ya 7. Mtoto wa paka anayeuzwa akiwa na wiki 8 ameshavuka muda ambao alipaswa kushikwa na mikono ya watu mbalimbali, na mtoto wa mbwa wa umri huo ameshatumia karibu nusu ya muda wake. Ikiwa wiki hizo zilipita ndani ya banda lisilo na sauti ya redio, wala mtoto wa binadamu anayekimbia, wala ngazi, wala zulia, basi unamchukua mnyama mchanga wa mwili ambaye kwa hofu zake ameshaanza kukomaa. Kuna pia suala la choo. Kwa asili, mtoto wa mbwa husogea mbali na mahali anapolala ili kujisaidia, lakini aliyelelewa katika kizimba kidogo hulazimika kukizoea kinyesi chake, na kumfundisha upya huweza kuchukua miezi.

Sasa nije kwenye kituo. Mnyama wa kituoni naye mara nyingi hana mama anayejulikana, na sitaki kulificha hilo. Tofauti ni kwamba mtu fulani amekuwa akimtazama kila siku, na mtu huyo hapati faida kwa kunyamaza, kwa sababu mnyama akirudishwa mzigo ni wa kituo. Mhudumu mzuri atakwambia kwamba mbwa huyu hula haraka mno akiwa karibu na wenzake, kwamba huvuta kamba akiona baiskeli, kwamba kwa siku mbili za mwanzo hakukubali kuguswa masikio. Mwombe akuruhusu usome daftari lao. Uliza mnyama alifikaje pale, ameishi pale muda gani, ameshawahi kuchukuliwa na kurudishwa na kwa sababu gani, na kama amewahi kukaa hata wiki moja katika nyumba ya mtu wa kujitolea. Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa kuwa tabia ya bandani, penye kelele za mbwa wengi, haifanani sana na tabia ya sebuleni.

Kwa mnyama mzima, mimi daktari nina faida nyingine ambayo mtoto hanipi. Kimo chake kinajulikana. Moyo wake nikiusikiliza, ninachokisikia ndicho kilichopo. Nyonga zimeshaonyesha kama zina kasoro, na kama pua fupi inamnyima pumzi, nitamsikia akikoroma akiwa macho. Kwa mtoto, mengi ya hayo ni kubahatisha, na ubahatishaji huwa mkubwa zaidi wazazi wasipojulikana. Gharama sitazizungumzia sana. Inatosha kusema kwamba vituo vingi hukabidhi mnyama akiwa ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, amehasiwa au kufungwa kizazi, na pengine amewekewa chipu ya utambulisho, wakati mnunuzi wa dukani huanza kuyalipia hayo baada ya kulipa bei ya mnyama.

Vituo navyo vina kasoro zake. Panapokusanywa wanyama wengi, kikohozi cha mabandani huenea, paka hupata mafua na choa, na parvo nayo huingia. Kituo kinachokuficha habari hizo, au kinachokupa mbwa ndani ya dakika kumi bila kukuuliza unaishi wapi na na nani, kinafanya kosa lilelile la duka. Aidha, familia yenye watoto wadogo sana isimchukue mbwa ambaye hakuna anayejua anavyojiendesha mbele ya watoto, na mtu anayehitaji mbwa wa kazi, kwa mfano wa kuchunga kondoo, ana sababu nzuri ya kwenda kwa mzalishaji. Aende nyumbani kwa mzalishaji huyo, amwone mama akiwa na watoto wake, na akiambiwa wakutane barabarani ili apokee mtoto ndani ya boksi, ageuze njia.

Jambo gumu zaidi kuwaeleza watu ni lile la kununua kwa huruma. Umesimama dukani, mtoto wa paka mwenye macho yenye tongo anakutazama, na moyo unakwambia umtoe pale. Namwelewa kila aliyefanya hivyo. Lakini kizimba ulichokiacha wazi hujazwa wiki hiyohiyo, na jike aliyemzaa atapandishwa tena kwa sababu mtoto wake amenunuliwa. Ukiona mnyama anateseka, wapigie simu wanaosimamia ustawi wa wanyama mahali ulipo, andika tarehe na uliyoyaona, upige picha ukiruhusiwa. Suala hili linagusa hata afya ya watu: kati ya mwaka 2016 na 2018, huko Marekani, zaidi ya watu 100 waliugua ugonjwa wa kuhara uliosababishwa na bakteria wa kampilobakta, waliohusishwa na watoto wa mbwa wa madukani, na bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa nyingi za antibiotiki. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wafanyakazi wa maduka hayo.

Wapenda ndege nao wasijione wako nje ya habari hii. Kasuku wa kijivu wa Afrika walikamatwa porini kwa wingi kiasi kwamba CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka, ulizuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hiyo tangu Januari 2017, na kasuku anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, kwa hiyo wapo wengi vituoni waliobaki baada ya wamiliki wao kufariki au kuhama.

Ukishamchukua mnyama, usimkaribishe kwa sherehe. Mpe chumba kimoja kitulivu, maji, na mahali pa kujificha, na umtenge na wanyama wengine wa nyumbani kwa wiki 2. Wahudumu wa vituo wana kanuni ya kukadiria: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 mpaka aanze kujiona wa pale. Mlete kwa daktari katika siku za mwanzo pamoja na kinyesi cha asubuhi hiyo ndani ya kopo safi lenye kifuniko, hata kama anaonekana mzima.

Yule mtoto wa mbwa wa kahawia alikaa kwenye dripu siku tano, na siku ya sita alinyanyua kichwa akalamba maji. Alipona. Mwaka uliofuata mama yule alirudi akiwa na mbwa wa pili, dume mzima mwenye mvi mdomoni na sikio moja lililochanika, akiwa amelala chini ya kiti huku mkia ukigonga sakafu taratibu. Kabla sijafungua kinywa, aliniwekea mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mhudumu wa kituo, pande zote mbili: anakula polepole, anaogopa ufagio, hapendi kubebwa, anapatana na majike, usiku anapenda mlango uwe wazi. "Mama yake hajulikani, daktari," akasema, "lakini haya mengine yote nimeyauliza."