St Helena hadi Ascension: kilomita 1,300, lakini muda gani?

Visiwa hivi viwili viko katikati ya Atlantiki Kusini, na umbali kati ya viwanja vyake ni kilomita 1,300 hivi, yaani maili za baharini 700. Namba hiyo ni sahihi. Makosa huanza mtu anapoitumia.

Dhana: Gawa umbali kwa kasi, umepata muda.

Ukweli: Embraer 190, ndege inayohudumia St Helena, ikishafika juu huenda karibu km 830 kwa saa. Ukigawa unapata saa 1 na dakika 34. Lakini wakati wa kupanda na wa kushuka huwa haijafikia kasi hiyo, na ikikaribia lazima ijipange na njia ya kutua. Ongeza dakika 15 hadi 20, kisha kama 10 za kutembea ardhini pande zote mbili. Weka saa 2. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoacha maegesho hadi inaposimama tena.

Dhana: Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Ukweli: Kati ya visiwa hivi inakubali, kwa kuwa vyote hufuata saa za Greenwich. Ukitokea Johannesburg, iliyo mbele kwa saa 2, hesabu inapotoka: kuondoka saa 3 asubuhi na kufika saa 7 mchana si safari ya saa 4, ni ya saa 6.

Dhana: Mstari mnyoofu kwenye ramani ndio njia fupi.

Ukweli: Hapa tofauti ni ndogo mno. Santiago hadi Sydney ni kubwa: njia fupi hupinda kusini kuelekea Antaktika.

Dhana: Ndege hubeba mafuta ya umbali huo na akiba kidogo.

Ukweli: Hili ndilo muhimu kuliko yote. Uwanja wa St Helena uko juu ya majabali, mita 310 kutoka usawa wa bahari, na upepo hubadilika ghafla karibu na mwisho mmoja wa njia ya kutua. Kwa sababu hiyo ufunguzi uliopangwa Mei 2016 uliahirishwa, na safari za ratiba zikaanza Oktoba 14, 2017. Rubani akishindwa kutua, hakuna uwanja jirani. Ascension yenyewe ndiyo ya karibu zaidi. Kwa hiyo ndege inayotoka bara lazima ifike na mafuta ya kusubiri, kujaribu tena, na bado kwenda mbali. Ndiyo maana safari ya kutoka Johannesburg, karibu km 3,700, imekuwa ikipitia Namibia kujaza mafuta. Kutoka Walvis Bay hubaki kama km 2,260. Uzito nao hubanwa: mwanzoni abiria hawakuzidi 76, ingawa ndege ina viti zaidi ya 90.

Upepo ukikataa, ndege hurudi au huahirishwa hadi siku nyingine. Ukiwa na ndege ya kuunganisha Johannesburg, acha angalau usiku mmoja katikati.