Silinda ya DT imekwaruzika: si kila mtu anayekushauri anajua anachosema

Pikipiki ikinoki mlimani, yani pistoni ikikwama ndani ya silinda, kabla injini haijapoa washauri wameshajaa, mmoja anakwambia tupa hiyo silinda, mwingine anasema chonga tu, wa tatu anakuuliza kama umejaribu kubadili ringi za pistoni. Nishawahi kuwasikiliza wote watatu na hela ikaenda yote, so ngoja niseme ninachokijua sasa.

Eti silinda ikikwaruzika ndo imekufa. Kwanza angalia ukuta wake ni wa nini bana. Hizi Yamaha DT 125 za zamani za kupozwa na hewa zina slivu, yani bomba la chuma lililopigwa ndani ya alumini, hiyo inachongwa kidogo unavalisha pistoni ya ovasaizi, yani iliyozidi kipenyo cha kwanza kwa milimita 0.25, 0.50, mpaka 1.00, na ikifika mwisho slivu inang'olewa inapigwa nyingine. Ila KTM na Yamaha YZ za siku hizi hazina slivu, ukuta ni alumini iliyopakwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kampuni ya Mahle ya Ujerumani walikitoa 1967 kwa ajili ya injini za Wankel, zile za rota badala ya pistoni. Huo mpako mara nyingi haufiki hata milimita 0.1, sa fundi akiupeleka kwenye mashine ya kuchonga ameshaufuta wote! Hiyo inapakwa upya na wenye vifaa vyake, au inafungwa slivu, au unanunua nyingine. Na kuna wakati ule mkwaruzo ni alumini ya pistoni tu imegandia juu ya mpako, ikitolewa vizuri mpako wa chini yake ni mzima kabisa. Kujua unayo ipi chungulia kwenye poti, yale matundu ya ukutani, na ukingo wa chini wa silinda, yenye slivu utaona mstari pale chuma kinapokutana na alumini, na sumaku inanasa kwa nguvu.

Nguvu ndo inanichekesha. Mtu kachonga mpaka 1.00 anatamba ana mashine mpya wakati DT ya kipenyo milimita 56 na mwendo wa pistoni 50 ilikuwa cc 123 na sasa ni kama 127 na nusu. Cc nne na kitu! Unayoisikia ni kompresheni iliyorudi basi.

"Badili ringi inatosha." Kama silinda imelika haiko duara tena, imekuwa yai, ringi ya duara itaziba nini? Ingiza ringi peke yake, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa, pima uwazi wa ncha zake kwa fila geji (vile vibati vya kupimia uwazi) juu, halafu shusha upime tena, namba zikitofautiana sana ukuta umelika. Na wale wa kusugua na msasa juu chini juu chini, aisee, mikwaruzo inatakiwa ikatizane kama wavu ili ishike oili, ya wima inaipitisha tu.

Ila kosa kubwa ni kuamini ukifunga silinda mpya tatizo limeisha. Mimi nilifunga mpya na pistoni yake, wiki ya tatu moshi na kelele zilezile, fundi analaumu gasketi. Tulipofungua pistoni upande wa kabureta ulikuwa umefifia kama umepigwa msasa, vumbi hilo, chujio la hewa lilichanika kwenye mshono na hakuna aliyeligusa. Pistoni inaongea ukiisoma. Michubuko minne ya wima kwenye pembe zake maana yake uliondoka kwa fujo injini ikiwa baridi, pistoni ikavimba kabla silinda haijapata moto. Na kumimina oili nyingi kwenye petroli "kwa usalama" nako si usalama, kila oili inapozidi petroli inapungua kwenye kile kinachopita kwenye jeti, katundu ka petroli ka kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linapanda.

Kingine kwa wenye tustroku, hizi injini za kuchanganya oili na petroli, silinda ikishachongwa kingo za poti zinabaki kali kama wembe, lazima zilainishwe, la sivyo ringi inanasa. Ya kwangu ilikatika siku ya kwanza hata kilomita kumi sijamaliza, kipande kikala na pistoni. Siku hizi nikienda kuchukua silinda kwa mchongaji nazungusha kidole kwenye poti zote palepale, kikikwama simlipi, arudi nayo mezani.