Simu ya intaneti ni nini, na namba yako ya 022 inakaa wapi?

Mzee mmoja mwenye duka la spea za magari Kariakoo aliniita mwaka jana nikamtazamie simu yake ya mezani. Waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye nguzo nyuma ya jengo ulikuwa umekatwa kwa mara ya pili, na mtaa mzima ulijua ulikoishia: kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nikamshauri ahamie simu ya intaneti. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, kama waya haupo, namba yangu itakaa wapi?"

Nimefunga simu za maofisini kwa miaka mingi, na watu huniuliza bei, huniuliza bando, huniuliza kama sauti itakatakata. Yule mzee aliuliza lililo la msingi kuliko yote hayo. Namba yake ya 022 imeandikwa kwa rangi juu ya mlango tangu enzi za baba yake. Kuna wateja wa Morogoro na Mtwara wanaoipiga kwa kukariri. Ukielewa namba ile inahamia wapi, simu ya intaneti umeielewa yote, pamoja na hatari zake.

Tuanze na ilikokuwa. Simu ya mezani ya zamani ni waya mbili za shaba zinazotoka kwenye kifaa chako, zinapita ukutani, nguzoni au chini ya ardhi, hadi kwenye kituo cha mitambo ya simu cha eneo lako. Namba yako ni jina la ncha ya waya hizo pale kituoni. Namba ilikuwa mahali. Ndiyo sababu namba za mezani zina mkoa ndani yake: 022 ni Dar es Salaam, 024 Zanzibar, 026 Dodoma, 028 Mwanza. Ukihama kutoka Upanga kwenda Mbeya, namba unaiacha Upanga kama unavyoacha mlango na madirisha.

Na ukipiga, mitambo ilikufungulia njia moja kutoka kwako hadi kwa unayempigia, ikawa yenu wawili mpaka mmoja akate. Mkinyamaza dakika nzima, njia bado ni yenu, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuipita. Ni kama njia ya mwendokasi pale Barabara ya Morogoro: basi lipo au halipo, lami ile imetengwa. Utaratibu huo una raha yake, kwa maana ukishapata laini sauti haitetereki. Lakini ni ghali, kwa sababu mnalipia hata ukimya.

Simu ya intaneti, ambayo mafundi tunaiita VoIP, yaani sauti kupitia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya intaneti, haitengi njia. Inakatakata sauti vipande na kuvipenyeza katikati ya vitu vingine vyote vinavyopita mtandaoni, kama bodaboda zinavyopenya Mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni.

Namna inavyokatakata inafaa kuelezwa pole pole, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kipaza sauti kinageuza sauti yako kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinaupima umeme huo mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo kinaandikwa kuwa tarakimu. Kisha tarakimu hizo zinafungashwa. Mara nyingi kila kifurushi, au pakiti, kinabeba milisekunde 20 za sauti, kwa hiyo kwa sekunde moja ya maongezi zinaondoka pakiti 50. Ukisema "shikamoo", ile silabi ya "ka" peke yake inaweza kusafiri katika pakiti kumi hivi. Kila pakiti ina anwani ya inakokwenda na namba ya zamu yake kwenye foleni. Zikifika upande wa pili zinapangwa upya kwa zamu, zinageuzwa tena kuwa umeme, spika inatikisika, na mwenzako anaitika "marahaba". Yote hayo yanatakiwa kumalizika kabla sikio halijahisi kuwa kuna lililofanyika.

Huenda unasoma haya ukidhani ni mambo ya makampuni makubwa. Lakini kama umewahi kupiga simu kwa WhatsApp, umeshaitumia VoIP. Programu ya kwanza ya kuuzwa iliyowawezesha watu wa kawaida kuongea kwa intaneti ilitolewa na kampuni ya VocalTec ya Israeli mwaka 1995. Skype ikaja mwaka 2003 na ikafungwa Mei 2025, ilipokwisha kuzoesha dunia jambo hili. Hata simu za kawaida za mkononi, zinapopita moja kwa moja kwenye mtandao wa 4G, zinasafiri kwa pakiti vilevile. Tofauti ya WhatsApp na VoIP ya ofisini ni kwamba WhatsApp imejifungia ndani ya ua wake: huwezi kuitumia kupigia namba ya 022 ya duka la mzee. VoIP ya ofisini ina mlango wa kutokea. Mtoa huduma ana mtambo unaounganisha intaneti na mitandao ya simu ya kawaida, na namba anazokupa ni zile ambazo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imempangia. Anayekupigia kutoka simu ya kitochi kijijini hajui wala hahitaji kujua kwamba wewe uko kwenye intaneti.

Sasa swali la mzee. Namba inahamia kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma, na pale inakaa kama akaunti: ina jina na ina nywila. Simu yako ikiwashwa inaingia mtandaoni na kuiambia ile seva, "mimi ndiye mwenye namba hii, na kwa sasa napatikana hapa." Inarudia taarifa hiyo kila baada ya muda mfupi. Ni kama mtu aliyehama mtaa lakini akaacha maagizo kwa mwenye duka la jirani: yeyote akiniulizia, mwambie niko Mbagala kwa dada. Mgeni anafika palepale alipozoea, anaelekezwa. Kazi hii ya kujitambulisha na kuitana inafanywa na itifaki iitwayo SIP, iliyopata kanuni zake rasmi za kwanza mwaka 1999, na karibu simu zote za intaneti za ofisini zinaongea lugha hiyo hadi leo.

Namba imeachana na mahali. Yule mzee alilielewa jambo hili siku aliposafiri kwenda msibani Muheza. Nilikuwa nimemwekea programu kwenye simu yake ya mkononi, mteja akapiga 022 ya dukani, ikaita mfukoni mwake akiwa kwenye jamvi. Alitoka nje ya turubai kuipokea, na mteja hakujua kama hayupo Kariakoo. Duka na stoo yake ya Vingunguti sasa ni ekstensheni mbili, yaani simu za ndani zenye namba fupi, za swichibodi moja ambayo haina hata sanduku ukutani, na wakiitana wenyewe kwa wenyewe hawalipi kwa dakika. Wanatumia intaneti ambayo tayari wameshailipia. Simu yake ya zamani ya vitufe hatukuitupa. Kuna adapta ndogo, unachomeka waya wa simu upande mmoja na waya wa ruta upande mwingine, kifaa cha zamani kinaendelea kuita kwa kengele ileile.

Kuhusu bando, hesabu ni fupi. Kwa ufungashaji wa kawaida usiobana sauti, pande zote mbili kwa pamoja hutumia takriban MB 1.2 kwa dakika, sawa na MB 72 kwa saa. GB 1 inakupa karibu saa 14 za maongezi. Zipo njia zinazobana sauti zaidi zikashusha matumizi hadi chini ya theluthi ya hapo. Kwa kifupi, sauti ni nyepesi mno ukilinganisha na video.

Kinachoharibu simu ya intaneti mara nyingi si udogo wa intaneti, ni kuchelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti ichukue si zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ikizidi sana hapo, watu wanaanza kudakana maneno: wewe unadhani mwenzako amenyamaza, unaanza kusema, kumbe alikuwa ameshaanza. Na pakiti zikifika kwa kupishana ovyo, nyingine zikachelewa hadi zikatupwa, ndipo unaposikia ile sauti ya kukwamakwama kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikiitwa kwa malalamiko ya namna hii, cha kwanza kuangalia ni nani mwingine anatumia ruta hiyo. Kijana wa dukani akishusha filamu, pakiti za bosi zinasubiri foleni. Ruta nzuri inaweza kuamriwa ipitishe sauti kwanza, na nashangaa ni ofisi ngapi zina ruta yenye uwezo huo lakini hakuna aliyewahi kuufungua.

Cha pili ninachouliza ni seva iko wapi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva ya simu yako iko Ulaya, mkongo wa baharini wa kufika huko unaweza kuzidi kilomita 10,000. Sauti ya kutoka Kariakoo kwenda Posta, mwendo wa miguu, inaweza kwenda Ulaya na kurudi, ikala milisekunde 100 njiani kabla ruta au foleni yoyote haijaongeza za kwake. Na mikongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa pamoja, Dar es Salaam iliyumba kimtandao. Siku kama ile, simu ambayo seva yake iko ng'ambo haina njia nzuri ya kuifikia, hata kama wanaoongea wote wawili wako Samora. Seva ikiwa nchini, pakiti za watoa huduma tofauti zinaweza kupishana hapahapa Dar, kwenye TIX, kituo ambako mitandao ya intaneti ya nchini hukutana, bila kugusa bahari. Muulize anayekuuzia huduma swali hilo kabla hujauliza bei.

Kisha umeme. Simu ya waya wa shaba ilikuwa inakula umeme wa kituoni, volti 48 zilizopita kwenye waya zilezile zinazobeba sauti, na kituo kilikuwa na betri zake. Mgao ukiingia, mtaa ukawa giza, simu bado inaita. Watu wazima wa Dar wanaikumbuka hali hiyo. Simu ya intaneti inategemea umeme wako: kifaa cha faiba, ruta, na simu yenyewe. LUKU ikiisha, namba yako imezimika. Dawa yake ni betri ya akiba, ile UPS ya kompyuta, na vifaa hivi vinakula umeme kidogo kiasi kwamba hata UPS ya kawaida huvibeba kwa muda wa kutosha. Jambo hili linasumbua hata nchi tajiri. Uingereza imepanga kuzima kabisa mtandao wake wa simu za zamani ifikapo Januari 2027, baada ya kusogeza tarehe mbele, na hoja kubwa iliyowachelewesha ni wazee wanaoishi peke yao na vifaa vyao vya kuitia msaada vilivyotegemea waya ule.

Wizi haujaisha pia, umebadilika tu. Zamani mwizi alipanda nguzo. Sasa namba ni akaunti, kwa hiyo mwizi anatafuta nywila. Ofisi moja niliyoitwa Jumatatu asubuhi ilikuwa na ekstensheni 100 yenye nywila 100. Toka Ijumaa usiku kuna kompyuta ya mbali ilikuwa imeingia humo na kupiga namba za kulipia za nje ya nchi mfululizo, na salio lote lilikuwa limekwisha. Tangu siku hiyo siondoki mahali kabla sijaweka nywila ndefu kwa kila ekstensheni na kufunga simu za kimataifa kwa wasiozihitaji.

La mwisho ndilo lililonikosesha usingizi kwa ajili ya yule mzee, kwa sababu linatokana na lile lile lililomfurahisha. Namba ikiwa haina mahali, anayepokea simu yako hawezi kuitegemea namba hiyo imwoneshe ulipo. Namba ya waya wa shaba ilikuwa na anwani yake kwenye kumbukumbu za mtoa huduma: waya huu unaishia jengo fulani. Namba ya akaunti inaweza kuwa Kariakoo, Vingunguti au Muheza, na ukipiga 114 kuita zimamoto huku moshi umejaa dukani, hakuna waya wa kukusemea. Inabidi wewe mwenyewe, au kijana wa kazi aliyeanza juzi, utamke mtaa, jengo na ghorofa.

Nilimweleza hivyo siku ya kukabidhi kazi. Hakujibu kitu. Alichukua boksi la plagi za magari, akakata upande mmoja, akaandika kwa kalamu nene jina la mtaa, namba ya jengo, na "tunatazamana na msikiti", akalibandika ukutani juu ya simu. Kisha akamwita kijana wake wa dukani, akamwambia alisome kwa sauti.