Je, wajua kwa nini klabu za mapango hudumu miaka mia?

Mwanza haina uhaba wa vikundi. Kuna vya kukimbia alfajiri kuelekea Capri Point, vya kupanda miamba ya Isamilo siku za Jumamosi, vya wapiga picha, vya waliosoma pamoja. Vingi huanza kwa vifijo: fulana zinachapishwa, viongozi wanachaguliwa, katiba inaandikwa. Mwezi wa nne ukifika wamebaki mwenyekiti, mhazini na yule aliyechapisha fulana, na huyu wa tatu anakuja kwa sababu bado anadai.

Sasa wafikirie watu ambao starehe yao ya mwisho wa juma ni kutambaa kwa tumbo ndani ya pango, kwenye tope na maji ya baridi, mahali pasipo na jua wala mtu wa kuwapigia makofi. Ungedhani kikundi cha namna hiyo hakimalizi mwaka. Kumbe klabu ya mapango ya Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1919 na ipo hadi leo. Craven Pothole Club ya Yorkshire, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, ni ya mwaka 1929. Huko Marekani chama cha kitaifa cha wapenda mapango, National Speleological Society, kilianza mwaka 1941, na kina matawi mengi ya mijini na vyuoni ambayo hukutana mwezi hadi mwezi. Inakuwaje?

Watu wa klabu hizo wenyewe watakwambia ni mapenzi ya mapango. Mimi siamini sana. Mapenzi hata yule wa fulana alikuwa nayo. Naona sababu kubwa ni kwamba katika klabu ya mapango, asiyekuja pengo lake linaonekana siku hiyohiyo.

Wanne wanaingia, wa tano anabaki na saa

Kanuni iliyozoeleka kwa wapenda mapango ni kwamba mtu haingii peke yake, na idadi inayopendekezwa ni watu wanne. Hesabu yake ni hii: mmoja akivunjika mguu, mmoja abaki naye kumpa joto na kumtuliza, wawili watoke kutafuta msaada, maana hata anayetoka hatakiwi kutembea gizani peke yake. Kwa hiyo mmoja wa wanne hao akipiga simu Ijumaa usiku kusema amepata udhuru, safari nzima inatikisika. Kiongozi ataanza kupitia orodha ya wanachama akitafuta wa kuziba nafasi, na hapo ndipo hata yule aliyekuwa amepotea miezi sita anapopigiwa simu. Kwenye kikundi cha mbio, usipokuja wenzako wanakimbia tu.

Halafu yupo wa tano, ambaye haingii kabisa. Kabla ya kushuka, kundi humwachia mtu aliye nje taarifa kamili: majina ya wanaoingia, pango gani, mlango upi, gari limeegeshwa wapi, wanatarajia kutoka saa ngapi, na saa ngapi ikipita bila wao kujitokeza aite waokoaji. Saa hiyo ya mwisho huwekewa nafasi, kwa sababu pangoni hakuna mtandao wa simu na safari huchelewa kwa mambo madogo: kamba imenasa, mgeni amechoka, njia imekosewa mahali fulani. Lakini ikishafika, mtu wa nje hajiambii asubiri nusu saa tena. Anapiga simu. Mvua iliyonyesha mbali, asiyoijua mtu aliye ndani, inaweza kujaza njia za chini wakati wao wanaangaliana tu na taa zao.

Kazi hiyo ya kushika saa mara nyingi humwangukia mke au mume wa mwanachama, mwenzao aliyejifungua karibuni, mzee aliyeacha kupanda kamba kwa sababu ya magoti. Katika kikundi kingine watu hawa wangeshajiondoa kimyakimya. Hapa bado wanahitajika karibu kila Jumamosi. Na ole wake atakayetoka salama, akapitiliza kwenda kula na kusahau kutoa taarifa: waokoaji wataamshwa usiku wa manane kumtafuta mtu aliyekaa mbele ya sahani ya chipsi. Kosa hilo halifutiki klabuni. Atataniwa nalo mpaka azeeke.

Na waokoaji wenyewe ni nani? Ni wanachama walewale. Zimamoto na watu wa gari la wagonjwa, hata wawe hodari kiasi gani, wengi hawajawahi kupita mahali ambapo lazima utoe pumzi ndipo kifua kipite. Ndiyo maana mwaka 1935 klabu za Yorkshire ziliunda kikosi cha kujitolea, Cave Rescue Organisation, chenye makao katika kijiji cha Clapham, na vikosi vya namna hiyo vikaenea kwingine. Wanafanya mazoezi ya kubeba machela kwenye njia zenye kona, bila mshahara, wakijua kwamba anayelala kwenye machela leo kwa mazoezi anaweza kulala kesho kweli.

Dunia iliona hilo mwaka 2018. Wavulana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa na mafuriko katika pango la Tham Luang, Thailand, tarehe 23 Juni. Waliowafikia wa kwanza, tarehe 2 Julai, walikuwa Waingereza wawili: Rick Stanton, zimamoto mstaafu, na John Volanthen, mtaalamu wa kompyuta. Kupiga mbizi mapangoni kwao kulikuwa jambo la mapumziko ya mwisho wa juma. Wanajeshi wa maji wa Thailand walikuwepo, na mmoja aliyewahi kuwa mwenzao, Saman Gunan, alipoteza maisha katika kazi hiyo. Lakini ujuzi wa kupita kwenye maji machafu, ndani ya jiwe, bila kuona hata kiganja chako, ulikuwa umetunzwa na watu wa klabu. Hadi tarehe 10 Julai wote 13 walikuwa wametolewa hai.

Kamba haioshwi na mtu mmoja

Jambo la vifaa nitalipitia haraka, ingawa mhazini yeyote atakwambia ndilo linaloumiza kichwa. Kamba nzuri ni ghali, na kwa kawaida klabu ndiyo inayoimiliki. Mgeni anaazimwa kofia ngumu na taa. Kila mtu anatakiwa awe na vyanzo vitatu vya mwanga, maana taa moja ikizima na ya pili ikatumbukia majini bado kuna ya kutokea. Safari ikiisha, kamba zimejaa tope, na punje za mchanga zinakata nyuzi kutoka ndani. Zinaoshwa, zinaanikwa kivulini, zinapitishwa mkononi sentimita kwa sentimita kutafuta palipovimba au kulegea, na matumizi yake yanaandikwa daftarini. Stori za safari hunoga hapo, kwenye ndoo za maji.

Klabu nyingi za Uingereza pia zina nyumba yao karibu na mapango, yenye vitanda vya ghorofa na jiko la pamoja. Paa likivuja, wanachama wanaitwa kulitengeneza. Nyumba inayodai ukarabati kila mwaka ni mzigo, na nadhani ndiyo maana inafaa.

Ila kinachowashika watu miaka na miaka zaidi ya yote ni ramani. Pango halionekani kwa ndege wala setilaiti; lazima mtu aingie na kupima. Mmoja anashika utepe wa kupimia, mwingine anasoma dira na mwinuko, wa tatu anachora, wa nne anatangulia kuweka alama. Mwenye nguvu kidogo anaweza kuwa mchoraji bora kuliko wote. Jioni vipimo vinaingizwa kwenye kompyuta, na ramani inaongezeka kidogo huku ikiacha alama za kuuliza pembeni: hapa kuna upenyo, hapa upepo unatoka, hapa hatukufika. Alama hizo ndizo zinazomrudisha mtu.

Mfano mkubwa ni Mammoth Cave, jimboni Kentucky, Marekani. Kwa miaka mingi wapimaji walihisi kwamba mapango ya kilima cha Flint Ridge yameungana nalo chini ya bonde. Kundi moja likipima kipande, jingine linaanzia pale lilipoishia. Mwaka 1972 Patricia Crowther, mwanamke mwembamba, alipenya mahali ambapo wenzake hawakuweza, na tarehe 9 Septemba mwaka huohuo kundi la watu sita likiongozwa na John Wilcox likatokea upande wa Mammoth. Mfumo mzima ukawa na kilomita 232 hivi. Ungetarajia kazi imekwisha, watu waage. Leo umepimwa zaidi ya kilomita 680, na bado wanaingia.

Siku ambayo kila mkono unahitajika

Huko Yorkshire kuna shimo liitwalo Gaping Gill, lenye kina cha karibu mita 100, ambamo kijito cha Fell Beck hudondoka moja kwa moja hadi kwenye ukumbi mkubwa ulio chini. Mfaransa Édouard-Alfred Martel ndiye wa kwanza kufika chini yake, mwaka 1895. Siku hizi mtu wa kawaida, asiyejua lolote la kamba, anaweza kushuka humo akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu mara mbili kwa mwaka klabu mbili za eneo hilo hufunga winchi juu ya mdomo wa shimo: Bradford Pothole Club mwishoni mwa Mei, Craven mwezi Agosti.

Hebu fikiria kazi yake. Vyuma vinapelekwa mlimani, ambako mgeni hutembea zaidi ya saa moja kutoka kijijini. Maji ya kijito yanaelekezwa pembeni ili yasimwagikie kiti. Mahema yanasimamishwa kwa siku kadhaa. Mtu anaendesha winchi, mwingine anafunga mikanda, mwingine anapokea watu chini na kuwaonyesha ukumbi, mwingine anapika, mwingine anakusanya pesa na kuandika majina, ili ijulikane kwamba walioshuka wote wamepanda. Mzee ambaye hajaingia pangoni miaka ishirini anakuja kukaa kwenye winchi. Klabu inapata fedha, na kati ya wageni wale mmoja au wawili hurudi mwezi unaofuata kuuliza namna ya kujiunga.

Msukuma haelezwi nguvu ya jambo hili mara mbili. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana vizazi na vizazi, na Bulabo, sikukuu ya ngoma pale Bujora kila Juni, inajulikana kabla hata mahindi hayajapandwa. Mwenye kujua tarehe ya kushindana hukumbuka mazoezi bila kupigiwa simu.

Kwa klabu za vyuo shida ni nyingine: wanafunzi wanahitimu. Kila mwaka sehemu ya wanachama inaondoka na ujuzi wake. Hivyo mwaka wa pili unafundisha wa kwanza kufunga mafundo, kwanza kwenye mti au ukuta, mchana, ndipo pangoni. Anayefundisha hawezi kukosa kuja.

Na huku ziwani?

Hapa kuna jambo la kusema wazi: Mwanza, kwa mawe yake yote, si nchi ya mapango marefu. Maji ya mvua huchukua kaboni dayoksaidi hewani na udongoni, yakawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha mawe ya chokaa taratibu hadi kuacha njia na kumbi. Mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga, yalichimbwa hivyo. Mawe yetu ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na graniti haiyeyuki namna hiyo. Hupasuka, huoza kwenye nyufa chini ya ardhi, udongo ukichukuliwa na mvua yanabaki mawe yaliyobebana kama Jiwe la Bismarck. Tulicho nacho ni vijipango vya kati ya jiwe na jiwe, makao ya pimbi na mijusi. Kenya wana aina nyingine, mapango ya volkano: Leviathan, katika Vilima vya Chyulu, lina urefu wa zaidi ya kilomita 10, na lilipimwa na kikundi cha wapenda mapango wa Afrika Mashariki kilichoanza miaka ya 1960.

Kikundi cha hapa kingeweza kuanzia kwenye kamba juu ya miamba na kuchora ramani ya vijipango hivyo, kwanza kikiwauliza wazee wa mtaa ni wapi panapotambikiwa. Popo ndio wa kuogopwa. Popo wa matunda wakaao mapangoni wanabeba virusi vya Marburg, na mkoa wa jirani, Kagera, umepata mlipuko mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Mvungu wenye harufu ya kinyesi cha popo hauingiwi, hata kwa picha moja.

Amboni ingekuwa safari ya mwaka. Ni mwendo wa basi wa kuvuka nchi, kwa hiyo tarehe ipangwe mapema, mchango uanze kukusanywa kidogokidogo, na watakaobaki Mwanza waachiwe orodha ya majina na saa ya kupiga simu.