Gari Kuukuu na Oili Nzito: Maneno ya Gereji na Ukweli Wenyewe

Peleka Toyota IST ya mwaka 2003 kwenye gereji yoyote ya Dar es Salaam, na kabla fundi hajachomoa hata kijiti cha kupimia oili utasikia: "Bosi, hii imeshakula kilomita nyingi. Weka oili nzito, 20W-50." Fundi hadanganyi. Anarudia alichofundishwa na fundi wake, ambaye naye alikulia kwenye Peugeot 504 na Land Rover. Kwa magari yale lilikuwa neno sahihi.

"Gari likizeeka, lipewe oili nzito"

Uzee wa gari ni wa aina mbili, na gereji nyingi huuchanganya. Kuna gari ambalo injini yake ilibuniwa zamani, na kuna gari lenye injini ya kisasa ila limetumika sana. 504 ni la kwanza: nafasi kati ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini, na beringi zinazoushikilia ni kubwa kiasi, nayo imezoea 20W-50. Mwenye nalo aendelee nayo bila wasiwasi. IST, Vitz, Premio na wenzao ni la pili. Hata likifikisha kilomita 250,000, vijitundu vya kupitishia oili ndani ya injini ni vilevile vilivyotoka kiwandani Japani.

Tena injini hizi za VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa valvu kufunguka, zinaipa oili kazi mbili. Mbali na kulainisha, presha ya oili ndiyo inayoizungusha kamshafti, mhimili unaosukuma valvu, kidogo mbele au nyuma ili valvu zifunguke kwa wakati unaofaa. Oili hiyo hupita kwenye valvu ndogo yenye chujio la wavu mwembamba. Ukimwaga humo oili nzito kama uji wa ulezi, asubuhi injini huchelewa kuitikia, sailensa (mngurumo wa gari likiwa limesimama) hucheza, na mara taa ya injini inawaka. Unaishia kununua sensa ambayo haikuwa na kosa.

Lakini maneno ya gereji yana chembe ya ukweli, nayo iko kwenye beringi. Injini ikizunguka, krankishafti haigusani na beringi. Huelea juu ya utando wa oili. Beringi zikilika, oili huvujia pembeni haraka na presha hushuka. Hapo oili nzito kidogo husaidia kweli. Swali ni moja: umepima? Geji ya presha hufungwa pale kwenye swichi ya taa ya oili, kazi ya dakika chache. Kumwandikia mgonjwa dawa kwa kumtazama mvi si utibabu.

Halafu presha kubwa yenyewe si dalili ya afya. Oili nzito huonyesha presha kubwa kwa sababu inapita kwa shida.

"5W-30 ni ya Wazungu wenye barafu, W ni uzito"

W ni kifupi cha neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake hueleza oili inavyojimudu injini ikiwa baridi, na namba ya mwisho hueleza uzito wake injini ikishapata moto, kwa nyuzi 100. Wala 40 ya kwenye 10W-40 si nyuzi joto 40, kama baadhi ya wauza spea wanavyoapa.

Watu hudhani oili ya 5W-30 huanza nyepesi kama maji. Sivyo. Ikiwa na nyuzi 40, kama mchana wa jua kali, huwa nzito mara tano au sita kuliko ikiwa na nyuzi 100. Na kwa nyuzi hizohizo 40, 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya hiyo 5W-30. Kwa hiyo hata Dar, ambako hakuna barafu, gari la safari fupi za sokoni na shuleni hutumia muda mwingi likiwa na oili nzito kupita inavyotakiwa. Njombe mwezi Julai, ndio usiseme.

"Oili nzito inatibu gari linalokula oili"

Inaficha. Moshi wa bluu ukitoka unapowasha tu kisha ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Kabla ya vyote, angalia valvu ya PCV, kale kadude kadogo kanakopumulisha injini: ikiziba, gari hula oili kama lina ringi mbovu, na bei yake hailingani kabisa na ya kufungua injini. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba kwa kaboni. Hakuna uzito wa oili unaozibua tundu.

Ukiona lazima upande uzito, panda ngazi moja. Kutoka 5W-30 nenda 5W-40 au 10W-40, uangalie kijiti kila wiki. Namba ya kuanzia utaipata kwenye kitabu cha gari, pengine hata kwenye kifuniko cha oili. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikate tamaa, tarakimu zinasomeka.

"Oili ikiwa nyeusi imekufa"

Oili nzuri husafisha, na inayosafisha huchafuka. Kujua wakati wa kuibadili, hesabu kilomita na miezi.

"Usichanganye oili kamwe"

Kwa dharura unaweza. Taa ya oili ikiwaka usiku Chalinze, simama uzime gari, pima. Kama imepungua na duka lililo wazi lina SAE 40 tu, jazia hiyohiyo mpaka alama. Taa ikizimika na isiwake tena, nenda hadi Morogoro, umwage yote, ubadili na filta, kisha utafute ilikopotelea.