Mwajiri akifungua kikasha chako

Tangu niwe wakili wa masuala ya kazi, swali ninaloulizwa zaidi ni kama bosi anaruhusiwa kusoma barua pepe za mfanyakazi. Wengi huniuliza zikiwa zimeshasomwa.

Anwani ya kazini ni ya mwajiri, na seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua hizo, ni yake. Ukifuta barua, mara nyingi wewe tu ndiye usiyeiona tena. Nakala yake inabaki kwenye hifadhi. Hapo sina ubishi. Ubishi huanza pale mwajiri anapodhani kuwa mwenye seva ni mwenye kila neno lililopita humo.

Chukua kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mhandisi alifungua akaunti ya Yahoo Messenger, huduma ya kutumiana ujumbe mtandaoni, kwa agizo la mwajiri ili awajibu wateja. Mwaka 2007 mwajiri alimfuatilia kimyakimya kwa siku kadhaa, akamtolea kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo aliyoongea na nduguye na mchumba wake, kisha akamfukuza. Kanuni za kampuni zilikataza matumizi binafsi, naye alizijua. Utasema basi, kajitakia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo iliamua dhidi yake Januari 2016. Lakini Septemba 2017 jopo lake kuu likageuza uamuzi huo kwa kura 11 dhidi ya 6.

Kwa nini? Kumkataza mtu ni jambo moja. Kumwarifu mapema kwamba utayasoma maandishi yake, na kwa kiasi gani, ni jambo jingine. Mahakama za Romania hazikulipima hilo, wala hazikuuliza kama ilikuwepo njia isiyoingilia sana.

Marekani mwajiri ana nafasi pana zaidi. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania iliona mfanyakazi hana faragha ya kudai, ingawa kampuni ilikuwa imeahidi kuwa barua pepe zitabaki siri. (Uamuzi huo bado unanikera.) Hata huko, mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya New Jersey ilimlinda mfanyakazi aliyemwandikia wakili wake kupitia akaunti yake binafsi, japo kwa kompyuta ya kampuni. Mtaalamu wa kampuni alikuwa amezifukua barua hizo kwenye diski.

Ndiyo maana mteja akiniandikia mara ya kwanza kwa anwani ya kazini, simjibu huko. Nampigia simu.